Shahada ya uzamili ya elimu kwa mwalimu wa Dodoma: anza na swali, chuo kitafuata

Katika ofisi za walimu kuanzia Kongwa hadi Manyoni, mwalimu akisema anataka kusoma masta, huulizwa hapo hapo: "Chuo gani?" Swali hilo naliona limewahi mno. Kabla ya chuo kuna kazi unayotaka shahada hiyo ikufanyie, kuna tatizo unalotaka kulitafiti, na kuna mtu atakayekusimamia wakati unalitafiti. Anayeanza na jina la chuo anaweza kumaliza masomo ya darasani vizuri kabisa, tena kwa alama za juu, kisha akakwama kwenye tasnifu. Miaka inapita, ada ya muda wa ziada inadaiwa, na mkuu wa shule anauliza unarudi lini.

Nimeandika nikimfikiria mwalimu aliye kazini Dodoma au Singida, mwenye mshahara, familia na makato. Kama umemaliza shahada ya kwanza juzi na hujaajiriwa, hatua nyingi zinakuhusu, ila ile ya ruhusa ya mwajiri iruke.

Hatua ya 1: Amua shahada hiyo ikufanyie kazi gani

Chukua karatasi uandike sentensi moja: baada ya masomo nataka kufanya kazi gani, na wapi. Ukishindwa kuiandika, subiri kwanza. Hakuna anayekukimbiza.

Anayetaka kubaki darasani na kuwa bingwa wa somo lake anafaa kutazama programu za mitaala na ufundishaji. Anayetaka ukuu wa shule, uafisa elimu au udhibiti ubora wa shule atafaidika na uongozi na utawala wa elimu, au mipango na sera. Anayetaka kuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu, pale Mpwapwa, Bustani ya Kondoa au Kinampanda ya Iramba, atasaidiwa na mitaala, saikolojia ya elimu, au upimaji na tathmini. Upimaji ndio naona unapuuzwa mno. Kila shule inatunga mitihani ya majaribio, kila kata inafanya ya ujirani mwema, lakini walimu wanaojua kuchambua swali moja moja na kueleza kwa nini limewaangusha watoto ni wachache sana. Unasihi na elimu maalumu ni njia za watu wenye wito. Kama unafundisha karibu na shule kama Buigiri kule Chamwino, inayosomesha watoto wasioona, unajua uhaba wa wataalamu hao unavyoumiza.

Ukiwa unaulenga uhadhiri, hesabu ni nyingine kabisa. Matangazo ya nafasi za mhadhiri msaidizi katika vyuo vikuu vya umma huomba GPA ya uzamili isiyopungua 4.0, na huangalia pia GPA ya shahada ya kwanza, 3.5 au 3.8 kutegemea tangazo. Kama ulihitimu shahada ya kwanza kwa 3.1, uzamili hautaifuta namba hiyo. Bado una njia nyingi nzuri mbele yako, lakini ni haki yako kulijua hilo leo na si siku ya usaili.

Na suala la mshahara. Mwalimu mwenye shahada ya kwanza huanzia ngazi ya TGTS D, na wengi wanaamini cheti cha uzamili kikiwekwa mezani daraja linapanda lenyewe. Usijenge bajeti yako juu ya imani hiyo. Nenda kwa afisa utumishi wa halmashauri yako, mwoneshe programu unayoifikiria, na umuulize kwa maneno ya wazi: nikirudi na shahada hii, katika muundo wa utumishi wangu kinabadilika nini? Ukipata jibu kwa maandishi, bora zaidi. Wako wanaosoma uzamili kwa ajili ya kazi yenyewe, nao nawaheshimu sana. Ila anayesoma kwa ajili ya mshahara ahakikishe mshahara huo upo.

Hatua ya 2: Elimu, au somo lako?

Mwalimu wa Kiswahili mwenye shahada ya sanaa na elimu ana milango miwili: uzamili wa elimu, au uzamili wa Kiswahili wenyewe, isimu au fasihi. Wa Fizikia naye ana uzamili wa elimu na uzamili wa sayansi. Tofauti hii ni kubwa. Anayetaka kufundisha fasihi chuo kikuu akichukua uzamili wa utawala wa elimu atakuwa amejifungia mlango mwenyewe, kwa kuwa idara ya Kiswahili itamtaka mwenye uzamili wa Kiswahili.

Lugha nayo ifikirie. Programu za elimu hufundishwa kwa Kiingereza na tasnifu huandikwa kwa Kiingereza. Programu za Kiswahili huandikiwa tasnifu kwa Kiswahili. Kama unaandika Kiswahili kwa uhodari na Kiingereza cha kitaaluma kinakuchosha, si aibu kulitia jambo hilo kwenye mizani. Kurasa mia moja na zaidi ni nyingi kuziandika kwa lugha inayokupa taabu.

Kwa asiye na taaluma ya ualimu, mathalani mwenye shahada ya sosholojia au uchumi ambaye anafundisha, kuna Stashahada ya Uzamili ya Elimu, ile PGDE. Programu nyingine za uzamili wa elimu humpokea moja kwa moja, nyingine hudai aipitie kwanza. PGD pia humsaidia aliye chini ya kiwango cha kuingilia. Kwa kawaida uzamili huomba shahada ya kwanza yenye GPA isiyopungua 2.7, yaani daraja la pili la chini. Mwenye "pass" anaweza kusoma stashahada ya uzamili, akaifaulu kwa GPA ya 3.0 au zaidi, kisha akaomba kwa matokeo hayo.

Hatua ya 3: Tafuta swali lako kabla ya kutafuta fomu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo uamuzi wenyewe unapofanyika.

Shahada ya uzamili katika mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, iko ngazi ya 9 na inahitaji krediti zisizopungua 180. Krediti moja inahesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Zidisha: ni saa 1,800. Sehemu kubwa ya saa hizo ni zako peke yako na tatizo moja. Kwa hiyo liwe tatizo linalokukosesha usingizi kweli, si kichwa cha habari ulichokiazima kwenye tasnifu ya mtu mwingine ukabadilisha jina la wilaya.

Mwalimu wa Kanda ya Kati anaishi katikati ya maswali ambayo watafiti wengine husafiri kuyafuata. Elimu bila malipo ilianza Januari 2016 na madarasa yakafurika. Imekuwaje kwa ufundishaji wa kusoma na kuandika katika darasa lako la pili? Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito kurudi shuleni. Kwenye kata yako wamerudi? Waliorudi wamepokewa vipi na walimu, na waliobaki nyumbani wanasemaje? Mtaala mpya ulianza kutekelezwa Januari 2024, ukiwa na mkondo wa amali. Shule zilizopewa mkondo huo zina karakana? Zina walimu? Sera mpya inafanya elimu ya lazima iwe miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari, utekelezaji ukipangwa kuanzia 2027. Hiyo ina maana darasa la sita na la saba wataingia kidato cha kwanza kwa pamoja mwaka 2028. Halmashauri yako inajiandaaje? Hilo peke yake lina tasnifu kadhaa za mipango ya elimu ndani yake, na anayeanza masomo sasa atalitafiti likiwa bado bichi.

Kuna mengine ya siku zote. Msimu wa kulima na kupalilia, madawati ya Bahi na Chamwino yanakuwa wazi. Kidato cha kwanza kinafundishwa kwa Kiingereza kwa watoto waliosoma miaka yote kwa Kiswahili, na huko vijijini wengine Kiswahili chenyewe wamekikuta shuleni, nyumbani wanaongea Kigogo, Kirangi au Kinyaturu. Chakula cha mchana shuleni kinachangiwa na wazazi mwaka wa mavuno, mwaka wa ukame hakichangiwi.

Andika ukurasa mmoja tu. Sehemu ya kwanza: tatizo, kwa jinsi ulivyoliona wewe kazini, na takwimu ulizo nazo, kama vile daftari la mahudhurio au matokeo ya shule yako ya miaka mitatu. Sehemu ya pili: unachotaka kujua. Sehemu ya tatu: ungewauliza kina nani na ungewapataje. Mpe mwalimu mwenzako wa somo jingine ausome. Akikuuliza "kwa hiyo unataka kujua nini hasa?", uandike tena.

Ukurasa huo ndio utakaokuchagulia programu. Swali la daftari la mahudhurio na njaa linaangukia kwenye mipango na sera, au sosholojia ya elimu. Swali la lugha kidato cha kwanza linaangukia kwenye mitaala na ufundishaji. Swali la wasichana waliorudi linaweza kwenda saikolojia, unasihi au utawala, kutegemea unawatazama wasichana wenyewe au shule inayowapokea. Utashangaa jinsi orodha ndefu ya programu inavyopungua ukishajua unachouliza.

Hatua ya 4: Mtafute msimamizi

Msimamizi ndiye atakayesoma sura zako, atakayezirudisha haraka au atakayekaa nazo. Kwenye barua ya udahili hayumo, na vipeperushi vya vyuo havimtaji, lakini kwa maoni yangu ana uzito kuliko majengo yote ya chuo.

Fungua tovuti ya chuo, ingia kwenye ndaki au kitivo cha elimu, usome orodha ya wahadhiri. Yachukue majina matatu au manne uyatafute kwenye Google Scholar uone waliyoyaandika miaka mitano ya karibuni. Kisha ingia kwenye hazina ya kidijitali ya chuo, mahali tasnifu zilizohitimu zinapohifadhiwa. Tafuta mada iliyo jirani na yako. Soma ikisiri na ukurasa wa shukrani. Hapo utamwona msimamizi ni nani, na namna mwanafunzi anavyomshukuru mara nyingi inasema mengi. Ukikuta chuo hakina hata mhadhiri mmoja aliyeandika lolote karibu na swali lako, hicho si chuo chako, hata kama kiko umbali wa nauli ya daladala.

Ukishampata mmoja au wawili, waandikie. Ujumbe uwe mfupi, mathalani:

"Dkt. ……, shikamoo. Naitwa ……, mwalimu wa Hisabati wa sekondari wilayani Bahi. Nimesoma makala yako kuhusu ……, hasa sehemu ya ……. Natarajia kuomba uzamili mwaka huu wa masomo. Tatizo linalonisumbua ni wanafunzi wa kidato cha kwanza wanaojua kukokotoa lakini wanaanguka kwenye mafumbo kwa sababu hawaelewi lugha ya swali. Nimeambatisha ukurasa mmoja. Naomba kujua kama hili ni eneo unalolisimamia, na kama silo, naomba unielekeze kwa mwenzako anayelifaa. Nashukuru kwa muda wako."

Kama wewe ndiye mkubwa kwa umri, "habari za kazi" inatosha, lakini heshima ya cheo ibaki pale pale. Akikaa kimya wiki mbili, mkumbushe mara moja. Akiendelea kukaa kimya, hilo nalo ni jibu. Asikukatishe tamaa, na wala usimhukumu, maana wahadhiri wengi wana mzigo mkubwa wa wanafunzi. Ila kumbuka kwamba huo mzigo ndio utakaojiunga nao.

Na ukipata jibu jema, usilichukue kuwa ahadi. Idara ndiyo inayogawa wasimamizi. Linakupa haki ya kuandika jina lake kwenye fomu pale inapouliza, na kumkumbusha mratibu wa uzamili wa idara kwamba mlishaongea.

Baada ya mhadhiri, waulize wanafunzi wa mwaka wa pili. Hawa ndio wanaojua. Ukiwa Dodoma mjini, panda daladala ya UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, shuka kituo cha Education, nenda maktaba au mgahawani, jitambulishe. Waulize: msimamizi wako anarudisha sura baada ya muda gani? Kutoka kutetea pendekezo la utafiti mpaka kupata barua ya kwenda kukusanya data ilichukua muda gani? Katika walioingia kabla yenu, wangapi wamevaa joho? Je, chuo kinadai makala kwenye jarida kabla ya mahafali? Mwanafunzi atakuambia ukweli ambao ofisi ya udahili haina nafasi ya kukuambia. Usiulize mmoja tu, kwa sababu mmoja anaweza kuwa na ugomvi wake.

Hatua ya 5: Sasa chuo

Dodoma yenyewe ina Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, chenye Ndaki ya Elimu inayojitegemea. Kwa mwalimu wa mkoa huu ndicho cha kukitazama kwanza, kwa sababu ya ukaribu na kwa sababu kina wahadhiri wengi wa elimu mahali pamoja. Kuna pia Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, nacho cha 2007, cha Kanisa Anglikana, kwenye eneo lililokuwa shule ya sekondari ya Mazengo. Na kuna Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya 1992, chenye vituo Dodoma na Singida. Huria wana programu ya utawala, mipango na sera ya elimu, inayojulikana kwa walimu kama MED-APPS, na imewafaa maafisa elimu wengi wasioweza kuacha ofisi.

Nje ya mkoa, Iringa kuna Mkwawa na Dar es Salaam kuna DUCE, vyote vyuo vikuu vishiriki vya elimu vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2005, pamoja na Shule Kuu ya Elimu pale Mlimani. Chuo Kikuu cha Aga Khan kina taasisi ya maendeleo ya elimu Dar es Salaam yenye M.Ed., yaani uzamili wa elimu, iliyojengwa kwa ajili ya walimu wa darasani na viongozi wa shule. Tangu treni ya SGR ifike Dodoma mwaka 2024, Morogoro na Dar es Salaam ni safari ya saa chache, kwa hiyo vipindi vya mwishoni mwa wiki huko si jambo la kulikataa bila kulipigia hesabu. Ipige hesabu kamili lakini: tiketi ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala, na Jumatatu asubuhi uwe darasani kwako Mpwapwa.

Huria inahitaji neno la ziada. Urahisi wake wa ratiba ni wa kweli, na ugumu wake ni wa kweli pia. Hakuna anayekuamsha. Zile saa 1,800 ukizigawa kwa miaka miwili ni karibu saa 17 kila wiki, kila wiki bila kuruka, mwezi wa mitihani ya majaribio ukiwemo. Kama nyumbani kwako hakuna saa mbili za utulivu kila usiku, chuo cha kukaa na wenzako kinaweza kukutoa haraka zaidi ingawa kinaonekana ghali.

Chuo chochote utakachokipenda, ingia kwenye tovuti ya TCU uhakiki mambo mawili tofauti: kwamba chuo kina ithibati, na kwamba programu yenyewe, kwa jina lake kamili, ina idhini. Chuo kinaweza kuwa halali na programu ikawa haijaidhinishwa. Kwa chuo cha nje ya nchi, hata kile cha mtandaoni, jua mapema kwamba cheti chako kitapitia TCU kutambuliwa kabla ya mwajiri wa serikali kukipokea.

Halafu soma orodha ya masomo ya programu hiyo, somo kwa somo. Tafuta mbinu za utafiti na takwimu. Ukiona mbinu za utafiti zimepewa somo moja dogo mwishoni, jiulize utatoa wapi ujuzi wa kuandika tasnifu. Uliza pia kama ni kozi na tasnifu, au tasnifu tupu. Tasnifu tupu inamfaa aliyekwisha kufanya utafiti. Kwa mwalimu anayetoka miaka kumi ya darasani, ninapendekeza kozi na tasnifu bila kusita.

Hatua ya 6: Daftari la fedha

Mali bila daftari hupotea bila habari. Ada ya masomo inayotangazwa ni sehemu tu. Ongeza ada ya maombi, usajili, kitambulisho, bima ya afya, malazi au nauli. Kisha ongeza utafiti: nauli za kuzunguka shule, kudurufu madodoso, posho ya msaidizi, muda wa hewani na bando, kupima ufanano wa maandishi, kuchapa na kujalidi. Ongeza ada ya muhula wa ziada, hata kama una uhakika hutauhitaji. Iulize chuoni ni kiasi gani, kwa sababu ndiyo inayowaumiza wengi.

Upande wa mapato, mwenye deni la Bodi ya Mikopo anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mtumishi anatakiwa abaki na theluthi moja ya mshahara huo baada ya makato yote. Kwa hiyo kama una mkopo wa benki wa kiwanja kule Ihumwa, huenda nafasi ya mkopo mwingine haipo kabisa. Angalia hati yako ya mshahara kabla ya kuota. Mikopo ya Bodi hiyo, HESLB, nayo kwa sehemu kubwa huenda kwa shahada ya kwanza, hivyo usiifanye nguzo ya mpango wako.

Ufadhili upo kwa anayejiandaa mapema. DAAD ya Ujerumani hufadhili uzamili hata ndani ya Afrika, na kwa kawaida hutaka shahada yako ya mwisho isizidi miaka sita, kwa hiyo usiisubirishe. Jumuiya ya Madola ina ufadhili wa masomo ya masafa, unaosoma ukiwa hapa hapa nyumbani. Chevening hulipia mwaka mmoja Uingereza, hudai saa 2,800 za uzoefu wa kazi na hukutaka urudi nchini ukae angalau miaka miwili baada ya masomo. Katika maombi yote hayo, ule ukurasa mmoja wa hatua ya tatu ndio nyenzo yako kubwa.

Jambo moja nalisema kwa uchungu. Kuna watu wanaoandikia wengine tasnifu kwa malipo. Usimpe hata shilingi. Mwalimu anayemfukuza mtoto kwenye chumba cha mtihani kwa kibomu, kisha ananunua tasnifu, anaubomoa ualimu wetu kwa mikono yake. Na siku ya kutetea, wajumbe wa jopo wanajua ndani ya dakika tano.

Hatua ya 7: Ruhusa ya mwajiri

Anza mapema, hata kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa. Uliza kwa afisa utumishi kama jina lako linaweza kuingizwa kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Barua yako iende kwa Mkurugenzi kupitia kwa mkuu wa shule na ngazi zote zinazohusika, na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Barua ya udahili ikitoka, iambatishe.

Usiondoke kituoni bila kibali mkononi. Kutokuwepo kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa ni kosa linaloweza kukufukuzisha kazi, na "niliambiwa kwa mdomo" haitakutetea. Hata ukisoma Huria au mwishoni mwa wiki, toa taarifa kwa maandishi. Utahitaji siku za mitihani na za kukusanya data, na mkuu wa shule aliyeshirikishwa tangu mwanzo hukuachia kwa moyo mweupe. Ongea naye kuhusu vipindi vyako. Mpe pendekezo la nani atashika darasa lipi, usimwachie mzigo huo yeye.

Hatua ya 8: Maombi

Hapa ni kazi ya makaratasi. Andaa cheti na matokeo ya shahada ya kwanza, vyeti vya kidato cha nne na sita, cheti cha kuzaliwa, na wadhamini wawili wanaokufahamu kitaaluma. Mmoja awe mhadhiri aliyekufundisha. Kama mlipotezana, mtumie ule ukurasa wako akukumbuke kwa kazi na si kwa sura. Kama majina yanatofautiana kati ya cheti na cheti, jambo la kawaida kwa walioolewa na waliobatizwa ukubwani, shughulikia hati za kisheria za majina sasa.

Omba vyuo viwili, usiombe vitano. Lipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wa chuo chenyewe, kamwe usilipe kwa namba ya simu ya mtu anayesema atakusaidia kupata nafasi. Jaza fomu mwenyewe, usimwachie kijana wa kafe ya intaneti akuchagulie programu kwenye orodha.

Ukidahiliwa kote kuwili, rudi kwa wale wanafunzi wa mwaka wa pili na kwa yule mhadhiri aliyekujibu. Uzito uweke hapo. Na kama udahili umetoka lakini kibali cha Mkurugenzi bado, iandikie kurugenzi ya masomo ya uzamili kabla ya mwisho wa usajili, omba kuahirisha hadi mwaka wa masomo unaofuata, na udai jibu la maandishi. Mwaka huo tumia kusoma tasnifu kumi za eneo lako na kuandika upya ukurasa wako mpaka uwe kurasa tano.